Kumi na Saba kwa Rangi ya Kucha

Sauti ile ilianza tulipoipita Mayamaya. Bashiri, mume wangu, alikanyaga breki kuwakwepa mbuzi, na upande wa tairi la mbele la kushoto kitu kikagonga mara moja: kach. Mbuzi wakavuka, pikapu ikaendelea. Mimi nilikuwa nimekaa upande huo huo wa kushoto, mguu wangu juu kidogo tu ya tairi lile, na katikati yetu alikaa Asma, binti yetu wa miaka sita. Ningependa kusema nilidhani ni jiwe. Sikudhani ni jiwe. Nilijua ni nini tangu mara ya kwanza, na nilinyamaza.

Tulikuwa tunakwenda kuzika. Baba yake Bashiri alifariki alasiri ya jana yake, kijijini kwao, bondeni nyuma ya milima ya Kolo, na habari ilitufikia nyumbani Nkuhungu, Dodoma, kwa mdomo wa dereva wa basi la Kondoa. Mazishi ni kesho baada ya adhuhuri, alisema. Watamsubiri Bashiri, lakini hawatamsubiri sana, maana maiti haiwekwi. Kwao mtoto wa kiume wa kwanza ndiye anayeshuka kaburini kumpokea baba yake, na Bashiri ndiye wa kwanza. Usiku kucha hakusema zaidi ya sentensi moja, na aliisema mara tatu: tukiondoka saa kumi na moja tutawahi.

Tuliondoka saa kumi na moja. Kwa hiyo nilipoisikia sauti, kulikuwa na sababu ya kunyamaza. Sababu ya kusema nayo ilikuwepo, na ilikuwa imekaa katikati yetu ikila mandazi.

Spana ndizo zilizonitia hofu, na spana nilizichagua mimi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo shirika la umma alilofanyia kazi Bashiri liliuzwa, naye akapunguzwa pamoja na wenzake. Kwa kiinua mgongo tukanunua pikapu ya Kijapani iliyotumika, ikiwa bado na maandishi ya kwao mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila aliyepunguzwa kazi alikuwa na pikapu, au mashine ya kusaga, au banda la kuku. Fundi wetu wa kwanza alikaa na gari siku tatu kwa kubadilisha plagi nne. Wa pili alilirudisha likiwa na betri ya mtu mwingine. Nikamwambia Bashiri basi, gari litatengenezwa uani kwetu, na vifaa nitachagua mimi, kwa sababu yeye akiingia dukani hutoka na kile alichoonyeshwa kwanza.

Nilianzia kwa Abdulnasiri, mwenye duka la vipuri karibu na soko. Huyu ni mtu wa mjini hasa. Babu zake walifika Dodoma na misafara ya biashara, wakaona hakuna haja ya kuendelea. Alinifungulia sanduku jekundu la vipande zaidi ya mia, kila kimoja kikimeta katika kitundu chake. Lilikuwa zuri kutazama. Nikachomoa spana moja, nikaibana kwenye jiliwa lililokuwa pale mezani, nikavuta kwa mikono miwili. Mdomo wake ukafunuka.

Abdulnasiri hakukasirika. Alisema sanduku lile ni la watu wanaopenda kufunga na kufungua kifuniko, wala hakunilazimisha kulipia nilichokiharibu. Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa kitambaa cha turubai kilichokunjwa. Ndani mlikuwa na spana kumi na moja, nyeusi, mbili zina kutu. Alisema zilikuja ndani ya magari yenyewe kutoka Japani, chuma chake kizuri na saizi zake ni za milimita. Nilipouliza bei, ilikuwa sawasawa na ya lile sanduku jekundu.

Nikamwuliza kama ananiona mgeni wa mji. Vipande kumi na moja kwa bei ya mia?

“Mama Asma,” akasema, “gari lako lina nati za saizi sita, saba. Hizo nyingine tisini utafungia nini, kitanda?”

Wateja wengine wakacheka. Mimi nikajiambia muuzaji ni muuzaji tu, na atasema lolote. Nikaaga.

Wiki ile ile nilipanda treni kwenda Gulwe kumwona dada yangu, aliyekuwa akifundisha huko. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa Mzee Yotham. Mzee Yotham alikuwa Mgogo mrefu, mstaafu wa reli, aliyekuwa fundi kwa miaka zaidi ya thelathini, na alikuwa anauza vifaa vyake kwa sababu macho yalikuwa yameanza kumtupa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea kigoda, akafungua sanduku la mbao. Spana zililala ndani zimepakwa mafuta, nzito, zimechakaa kwenye mpini mahali mkono wake ulipokuwa ukikaa. Niligonganisha mbili, zikalia kama kengele ya shule. Nilitia moja kwenye nati kubwa ya mlango wa stoo yake, nikaning'inia nayo mzima mzima. Haikutikisika.

“Hizi ni za inchi, mwanangu,” alisema. “Za mashine za Mwingereza. Gari lenu limetoka wapi?”

Nilimwambia limetoka Japani, na kwamba inchi hainisumbui. Nina stashahada ya ualimu, somo la sayansi kimu. Nimepima vitambaa kwa inchi na kwa sentimita tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kugeuza moja kuwa nyingine kwangu ni kama kumenya vitunguu.

Akaanza kuzifunga spana kwenye gunia, moja moja, taratibu.

“Wewe ni mwalimu,” akasema. “Mimi nimekwambia tu.”

Nilirudi Dodoma nimeliweka gunia lile mapajani kama mtoto. Jioni nikakaa na karatasi na penseli. Tisa ya kumi na sita ya inchi ni milimita kumi na nne na kitu kidogo. Robo tatu ni kumi na tisa kamili, ukipuuza nukta sifuri tano. Kumi na moja ya kumi na sita ikaja kumi na saba nukta nne sita. Karibu nusu milimita juu ya kumi na saba. Niliitazama ile nusu milimita. Nimeshona mapazia ya nyumba nzima kwa makosa makubwa kuliko hayo, na hakuna mgeni aliyewahi kuyaona. Nikachukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaandika juu ya kila spana namba ya milimita, kubwa, ili Bashiri asihangaike na sehemu za Kiingereza. Kwenye ile niliandika 17.

Bashiri alicheka aliporudi. Aliniita Mama Diploma, akasema sasa hata spana zinapakwa rangi ya kucha. Lakini tangu siku hiyo alisoma namba yangu, akachukua spana, akafanya kazi. Hakuuliza tena.

Jumapili, siku nne kabla ya safari hii, alibadilisha pedi za breki za mbele. Nyuma ya tairi la mbele kuna chuma kizito kinachozibana pedi kwenye sahani ya breki, na chuma hicho kimeshikiliwa na boliti mbili tu, moja juu, moja chini. Boliti zile ni za kumi na saba. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Upande wa kushoto spana ikateleza wakati wa kukaza, akachubua vidole vitatu. Akaniita. Nilichuchumaa, nikaona spana inacheza kidogo kwenye kichwa cha boliti. Kidogo sana. Nikakata kipande cha bati la kopo la maziwa ya unga, nikakichomeka kati ya spana na boliti ili kujaza nafasi. Nilijiona mjanja. Bashiri akavuta, ikashika, akavuta tena, ikatoa mlio wa kukwaruza.

“Imefika,” akasema.

“Imefika,” nikasema.

Akanawa mikono. Mimi niliokota kipande cha bati, kimetafunwa, na ndani yake mlikuwa na unga wa chuma unaometameta. Kile kilichosagika hakikuwa bati, kilikuwa kichwa cha boliti. Nilikipangusa kwenye kanga, nikaingia ndani kupika.

Sasa Alhamisi, njia imejaa mawimbi ya vumbi yale yanayotetemesha gari mpaka meno, na kila Bashiri akigusa breki: kach.

“Mama,” Asma akasema, “gari linapiga hodi.”

Bashiri alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu jana. Akamwambia ni kweli, linapiga hodi kwa babu. Asma akaona huo ni mchezo. Tangu hapo, kila sauti ilipotoka, alijibu kwa adabu kama alivyofundishwa nyumbani:

“Karibu.”

Kach. Karibu. Kach. Karibu. Nilimwambia anyamaze, nikasema kwa ukali uliowashtua wote wawili. Bashiri akanitazama. Nikasema kichwa kinaniuma.

Haneti tulisimama kuongeza maji kwenye rejeta. Nilishuka, nikazunguka upande wa kushoto, nikajifanya nanyoosha miguu. Nilichungulia nyuma ya tairi. Vumbi lilikuwa limefunika kila kitu kwa rangi moja, na sikuona boliti ya juu wala ya chini. Niliweka kiganja kwenye tairi, nikasukuma. Halikusema kitu. Nilitaka lisikike likilegea, nipate ushahidi. Nilitaka pia lisilegee kabisa, mtoto wangu afike. Bashiri akapiga honi. Nikapanda.

Kuanzia hapo niliacha kutazama njia, nikawa natazama mguu wake wa kulia. Kila ulipohama kwenda kwenye breki, mkono wangu ulikwenda kifuani kwa Asma na kumkandamiza kwenye kiti. Mara ya kumi hivi mtoto alilalamika kwamba namuumiza.

Nilijipangia maneno. Ningesema: Baba Asma, ile spana si saizi yake. Sentensi moja. Mimi si mtu wa kumeza maneno. Shuleni akina baba walikuwa wakituma wake zao kuja kuzungumza nami kwa sababu wao walinikimbia. Lakini kila nilipofungua mdomo nilimwona amesimama juu ya kaburi lililokwisha fukiwa, akijua kwamba aliyemchelewesha ni mkewe, kwa hofu tu, kwa sauti tu. Na huenda ilikuwa sauti tu. Gari la mtumba lina sauti elfu.

Tuliingia Kondoa saa tano na nusu. Pembeni mwa barabara niliona gereji, watu wanne chini ya turubai, lori limetolewa matairi. Nikamwambia Bashiri tupite hapo, dakika kumi tu, waangalie breki.

Hakupunguza mwendo.

“Fundi wa dakika kumi,” akasema, “ulishamwona wapi?”

Maneno yalikuwa yangu. Nimeyasema mimi mwaka mzima, mezani, uani, mbele ya majirani. Gereji ikapita dirishani, ikaishia nyuma.

Baada ya Kolo tuliacha barabara kubwa, tukashika njia ya kijijini kwao. Inapanda kwanza, mawe na vichaka, halafu inafika mgongoni mwa kilima na kuanza kushuka. Nilikuwa nimeshuka pale mara mbili katika ndoa yangu, na mara zote mbili nilifumba macho. Njia inajikunja mara nne. Upande wa kulia ni ukuta wa udongo, upande wa kushoto hakuna kitu mpaka chini, kwenye mashamba ya ulezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo trekta lilikwenda huko na watu wawili. Bashiri ndiye aliyenisimulia.

Kwenye kupanda hakugusa breki hata mara moja. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko sauti. Asma alikuwa amesinzia, kichwa kimeniegemea, mdomo wazi. Mgongo wa kilima ukatokea mbele, mbingu juu yake, na Bashiri akaondoa mguu kwenye mafuta, akaupeleka kwenye breki.

Kach. Na safari hii ilifuatiwa na nyingine, ndogo, laini, kama kitu kinachoning'inia.

“Simama,” nikasema.

Aliniuliza nini. Nikasema simama hapa hapa, kabla ya mteremko. Kwa kuwa sauti yangu haikuwa yangu, alisimama. Nilinyoosha mkono juu ya mtoto, nikazima gari, nikachomoa ufunguo.

Nilimwambia yote. Nukta nne sita, bati la maziwa, unga wa chuma, Mayamaya, Haneti. Nilisema haraka kama ninavyosema mambo mengine yote.

Bashiri alishuka. Alilitikisa tairi kwa mikono miwili, akalipiga teke, akachuchumaa kutazama. Saa yake ilionyesha saa sita na robo. Akarudi dirishani kwangu.

“Sioni kitu,” akasema. “Nipe ufunguo.”

“Ni mimi niliyeandika kumi na saba. Si kumi na saba.”

“Tutashuka kwa gia ya kwanza, polepole. Nipe ufunguo, Mama Asma. Wananisubiri.”

Nikamwambia ashuke kwa miguu. Kwa njia ya mkato ni chini ya saa moja, akikimbia ni nusu saa na kitu, na watakuwa bado wanaswali adhuhuri. Gari halizikwi leo, nikasema. Nilisema hivyo, kwa mtu aliyefiwa na baba yake. Uso wake ulibadilika, na kwa muda nilidhani ataninyang'anya ufunguo kwa nguvu. Nilishuka upande wangu, nikasimama ukingoni, nikanyoosha mkono wenye ufunguo juu ya bonde.

Hakunijia. Alichukua kanzu yake nyuma ya kiti, akaivaa juu ya suruali, akaikunja pindo kiunoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, asimwamshe mtoto:

“Nikikuta wameshafukia, usinisemeshe tena.”

Akashika njia ya mkato, akiteleza kwenye kokoto, bila kutazama nyuma. Nilimtazama mpaka kanzu ikawa nukta nyeupe kati ya vichaka, halafu sikuiona tena.

Nilikuwa sina ushahidi wowote. Nataka hilo lieleweke. Nilimzuia mtu asimzike baba yake kwa sababu ya sauti, na sasa nilikuwa juu ya kilima na mtoto, chupa ya maji na gunia la spana nzuri zisizo na kazi.

Nikafanya kazi. Niliweka mawe makubwa mbele na nyuma ya kila tairi isipokuwa la kushoto mbele. Nilimbeba Asma, nikamlaza kwenye kivuli cha kichaka mbali na gari, na alipofumbua macho nikamwambia akiamka tena asisogee hata akiona nyoka. Halafu nikafikiria nyoka, nikarudi kupiga kichaka kwa fimbo. Nikatoa jeki. Jeki na wilispana vilikuja na gari kutoka Japani, chini ya kiti, kwenye mfuko wa turubai, na wilispana ilikaa kwenye nati za tairi barabara, bila kucheza. Nililegeza nati huku gari liko chini, nikasimama juu ya mpini kwa miguu miwili, moja baada ya nyingine. Nikapandisha jeki. Kila gari lilipopanda kidogo, mawe yalisema kitu chini ya matairi, nami niliruka nyuma. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko nitakavyokiri.

Tairi likatoka. Nikalilaza chini ya gari, ili gari likianguka liangukie juu yake.

Boliti ya chini haikuwepo.

Tundu lake lilikuwa limejaa vumbi. Ilikuwa imetoka mahali fulani nyuma, kati ya Mayamaya na Kolo, na sisi tumeendelea. Chuma chote kizito kile kilikuwa kimeshikiliwa na boliti ya juu peke yake, nacho kiliyumba nilipokigusa. Nilipeleka mkono kwenye boliti ya juu. Kichwa chake kilikuwa hakina pembe tena. Kilikuwa mviringo na laini, kimelambwa na spana yangu. Niliizungusha kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, kama ninavyofungua kofia ya chupa ya mafuta ya nywele. Ilizunguka. Ilizunguka mara mbili na nusu, ikaanguka kiganjani.

Mara mbili na nusu. Niligeuka kutazama kona ya kwanza ya mteremko. Kutoka pale nilipokaa ilikuwa kama hatua sitini.

Nilikaa kwenye vumbi, mgongo kwenye mlango wa gari, na hofu yote niliyoibana tangu asubuhi ikaja kwa pamoja, wakati hakuna tena cha kuogopa. Asma aliamka, akaja ingawa nilimkataza, akaniuliza kama gari limeacha kupiga hodi. Nikamwambia limeacha. Akanikalia mapajani, nami nikamshika mpaka akaomba nimwachie.

Baada ya muda niliona watu bondeni. Kanzu nyingi zilitoka upande wa msikiti na jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, likipokezanwa mabegani, likienda haraka kuelekea makaburini chini ya mkuyu. Nilisimama. Nilitafuta nukta moja peke yake kwenye njia ya mkato na sikuiona. Huenda alishafika. Huenda alikuwa bado nyuma ya mawe, anakimbia. Msafara ulifika, ukasimama, ukafunga duara. Kutoka juu kanzu zote ni sawa. Sikuweza kujua yupi ni yupi, na nilikuwa na boliti mkononi iliyoshikwa kwa nguvu mpaka ikaacha alama.

Nilisubiri hadi jua likahamia upande wa pili wa gari. Nilizitoa spana kwenye gunia, nikaokota jiwe lenye kingo kali, nikaanza kukwangua rangi ya kucha. Kumi na nne. Kumi na tisa. Ile ya kumi na saba niliiacha mwisho, na nilipoimaliza sikuitupa. Ni chuma kizuri. Kosa halikuwa lake.

Bashiri alitokea baada ya alasiri, akipanda polepole na mdogo wake Nurdini nyuma yake. Sikumwita. Nilimtazama tu akija. Kanzu yake ilikuwa na udongo mwekundu magotini, na kwenye viwiko vyote viwili, na kifuani, mahali ambapo mtu hupata udongo akiwa amesimama ndani ya shimo na kupokea kitu kizito kutoka juu. Hapo nikapumua.

Alifika, akamshika Asma kichwani. Nami alikuwa amenikataza nisimsemeshe kwa jambo moja tu, na jambo hilo halikutokea, lakini bado nilinyamaza. Nilifungua kiganja nikampa boliti.

Aliigeuza. Alipitisha kidole gumba kwenye kichwa chake cha mviringo. Akainama kutazama tundu tupu la chini, kisha tundu la juu, kisha akageuka, kama nilivyogeuka mimi, kutazama ile kona ya kwanza.

“Ilikuwa imebaki kiasi gani?” akauliza.

“Mizunguko miwili na nusu.”

Nurdini, ambaye hakujua habari ya spana, alisema kuna jirani bondeni mwenye pikapu kama yetu na boliti za akiba, na ana spana zake zilizokuja na gari, chache tu, zimefungwa kwenye kitambaa. Alisema ni nyeusi na mbaya kutazama, lakini zinashika. Nikamwambia nazijua. Nikamwomba aende akaziazime.

Bashiri alikaa chini kando yangu. Alikuwa bado ameishika boliti. Tulikaa hivyo mpaka Nurdini alipopotea kwenye njia ya mkato, na Asma, aliyekuwa akicheza na kokoto, akaigonga bodi ya gari kwa jiwe dogo, kach, akatutazama akingoja jibu.

Hakuna aliyeitikia.